Kadi moja, tovuti tatu: mandhari ya fremuweki iingie vipi kwenye komponenti?

Anayetengeneza tovuti hapa Mwanza hukutana mapema na swali ambalo kampuni kubwa zinaweza kuliahirisha kwa miaka, kwa sababu wateja wake ni wadogo, ni wengi, na kila mmoja alishaanza na fremuweki yake, yaani mkusanyiko wa mitindo ya ukurasa iliyoandikwa tayari. Ninatunza kadi moja, yaani kisanduku cha ukurasani, ya bei za dagaa na kayabo inayotumika kwenye tovuti tatu: ya kikundi cha wafanyabiashara wa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, iliyojengwa kwa Bootstrap 3 na kuachwa hivyo, ya msafirishaji wa mizigo, iliyo kwenye Bootstrap 5.3, na ya duka la mtandaoni linalotumia Tailwind 4. Kadi ni ileile na bei ni zilezile. Kinachobishaniwa ni namna ya kuifanya ionekane mwenyeji kila inapowekwa.

Ubishi wote unatokana na DOM ya kivuli, sehemu ya ukurasa iliyotengwa ili mitindo ya nje isiiguse. Komponenti, yaani kipande cha ukurasa kinachojitegemea kama kadi hii, ikishajifungia ndani ya kivuli chake, kiteuzi cha kawaida (maandishi yanayochagua kipi kipakwe mtindo) kilichoandikwa kwenye ukurasa hakiifikii tena, na hiyo ndiyo faida yake na ndiyo adha yake, kwani klasi (jina la mtindo) ya .btn iliyoko nje haina habari na kitufe kilichoko ndani. Hata hivyo ukuta huo haukuzibwa wote: sifa zinazorithiwa, kama fonti na rangi ya maandishi, hupita, na vigeu vya CSS, yaani thamani zilizopewa majina katika lugha ya mitindo ya ukurasa, navyo hupita.

Wapo wanaosema njia fupi ni kuliingiza faili zima la fremuweki ndani ya kila kivuli. Hoja yao si ya kubeza. Timu inaendelea kutumia klasi inazozijua, na mgeni akijiunga leo anaanza kazi leo. Wanaowapinga hutaja kwanza uzito, kwa kuwa faili la Bootstrap 5.3, hata likiwa limepunguzwa nafasi zote, linazidi kilobaiti 200 kabla ya kugandamizwa. Lakini pingamizi hilo, kwa maoni yangu, hutiwa chumvi, maana vivinjari vya sasa vinaruhusu kadi hamsini kushirikiana faili moja la mitindo bila kulisoma upya mara hamsini. Uzito unauma pale tu kadi inapobeba Bootstrap 5 kwenda kwenye ukurasa ambao tayari umepakua Bootstrap 3, na anayelipia bando la mara mbili ni mchuuzi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba fremuweki hizi ziliandikwa kwa kudhani kwamba ukurasa mzima ni uwanja mmoja. Kadi yangu ina vitufe viwili vilivyoshikana, Jumla na Rejareja. Bootstrap huvishikanisha kwa kiteuzi kinachoanza na .btn-group > .btn, yaani kitufe kiwe mtoto wa moja kwa moja wa kundi, kisha pembe zinazokutana zinyooshwe. Nilipokigeuza kila kitufe kuwa komponenti yake, mtoto wa kundi hakuwa kitufe tena bali ganda lake, na pembe zote zilibaki mviringo kama vitufe vya watu wasiojuana. Tena Bootstrap 5 hutangaza vigeu vyake kwenye :root, yaani shina la ukurasa mzima, ambayo ndani ya kivuli haimpati mtu. Tailwind 4 imelitazama hilo na huandika :root pamoja na :host, yaani elementi inayobeba kivuli, lakini inategemea pia tangazo la @property, linalokipa kigeu thamani ya mwanzo, ambalo likiwa ndani ya kivuli halisajiliwi. Ndiyo maana mistari ya pembeni ya kadi hutoweka bila kosa lolote kuonyeshwa.

Kambi ya pili husema fremuweki ibaki nje, na kadi itangaze vigeu vichache inavyovikubali. Kigeu --kadi-rangi-kuu kwa msafirishaji hupewa var(--bs-primary), yaani rangi kuu ya Bootstrap, na dukani hupewa rangi mojawapo ya Tailwind. Kwa tovuti ya Mwaloni hakuna cha kuunganisha, kwa kuwa Bootstrap 3 iliziyeyusha rangi zake wakati wa kukusanya faili kwa Less, lugha ya kuandikia mitindo ambayo hugeuzwa CSS. Nililazimika kuandika msimbo wa rangi yake kuu, #337ab7, kwa mkono.

Hata njia hii haikunilinda na kosa langu mwenyewe. Maandishi ya bei niliyapima kwa kipimo cha rem, nikasahau kwamba rem huhesabiwa kutoka kwenye ukubwa wa fonti wa elementi ya html ya ukurasa, kivuli kisitie neno. Bootstrap 3 huiweka elementi hiyo kwenye pikseli 10, ilhali Bootstrap 5 hukiachia kivinjari ukubwa huo, ambao kwa kawaida ni pikseli 16. Kwa hiyo 0.875rem, ambayo kwa msafirishaji ilikuwa pikseli 14, Mwaloni ilikuwa pikseli 8.75. Mfanyabiashara mmoja aliisogeza simu karibu na uso, akaikinga jua kwa kiganja, kisha akanirudishia akiomba nimsomee bei ya gunia. Siku hiyohiyo nilihamia em, inayofuata ukubwa ambao kadi imeurithi palipo.

Udhaifu wa vigeu ni kwamba huzaana. Mteja akitaka rangi ya kitufe kinapoguswa, ni kigeu. Akitaka unene wa mstari, ni kingine. Ukikimbilia ::part, kiteuzi kinachoruhusu ukurasa kuvipamba vipande vya ndani vilivyopewa majina, ili kumpa mlango, majina ya vipande vya ndani yanageuka ahadi usiyoweza kuivunja. Kwa mwenye tovuti moja na fremuweki moja sioni sababu ya adha yote hii. Aache kivuli, komponenti yake itumie klasi za ukurasa moja kwa moja.

Mimi nina tovuti tatu, kwa hiyo nimebaki na vigeu, na nimevizuia visizidi kumi. Msafirishaji alipowasha mandhari meusi kwa data-bs-theme, swichi ya Bootstrap ya kubadili mandhari, kadi ilifuata bila mimi kuandika mstari. Ile ya Mwaloni ingali na rangi zake za mkono, na itakaa nazo hadi siku watakapopata bajeti ya kuijenga upya.