Mfupa umevunjika, DEXA inasema hakuna ugonjwa

Chukua mfano wa mama wa miaka 64 anayeteleza bafuni na kuvunjika kifundo cha mkono. Anafungwa hogo. Wiki kadhaa baadaye anapimwa DEXA, kipimo cha msongamano wa madini kwenye mifupa, na majibu yanatoka: alama ya T, inayolinganisha mfupa wake na wa kijana mwenye afya, ni -1.9; kadiri inavyoshuka chini ya sifuri, ndivyo madini yalivyo pungufu. Karatasi ina picha ya nyonga yake na grafu yenye rangi ya kijani, njano na nyekundu, nukta yake ikiwa kwenye njano. Anaambiwa hana osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa kudhoofika, kwa kuwa hajafika -2.5. Ale dagaa, anywe maziwa, aende nyumbani.

Wapo madaktari wanaosema mama huyo hakutendewa haki. Mfupa uliovunjika kwa kuanguka tu kutoka kimo cha kusimama, katika umri huo, ni dalili nzito kuliko nukta yoyote kwenye grafu. Madaktari hawa hueleweka vibaya. Hudhaniwa wanaipinga mashine, au kwamba wanatafuta kisingizio kwa sababu mashine zenyewe Afrika Mashariki ni chache na ziko miji mikubwa. Hoja yao haihusu uhaba. Hata kama kila hospitali ya wilaya ingekuwa na DEXA, bado wangesema mstari wa -2.5 usiwe ndio unaoamua nani atibiwe na nani arudishwe.

Mstari huo ulitoka kwa jopo la Shirika la Afya Duniani mwaka 1994, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kusaidia kuhesabu ukubwa wa tatizo katika jamii. Kuutumia kumwamua mgonjwa mmoja mmoja kulikuja kwa mazoea.

Takwimu inayotajwa sana hapa ni asilimia 82. Inatoka kwenye utafiti mkubwa wa Marekani uitwao NORA, uliofuatilia karibu wanawake 150,000 waliokwisha koma hedhi. Baada ya mwaka mmoja, kati ya waliovunjika mifupa, asilimia 82 walikuwa na alama iliyo juu ya -2.5. Ukiisoma haraka utasema basi mashine haina maana, na wengine huishia hapo. Lakini NORA ilipima kisigino, mkono au kidole kwa vifaa vidogo, haikupima nyonga kwa DEXA kamili. Mtu makini ataikataa takwimu hiyo kwa sababu hiyo, na ana haki. Ndipo tunapoenda Rotterdam, Uholanzi, ambako nyonga ilipimwa hasa, kwa watu wa miaka 55 na kuendelea waliofuatiliwa kwa wastani wa karibu miaka saba. Ukiacha mivunjiko ya uti wa mgongo, ni asilimia 44 tu ya mivunjiko ya wanawake iliyotokea kwa wenye alama chini ya -2.5. Kwa wanaume ni asilimia 21. Yaani hata kwa kipimo bora, zaidi ya nusu ya wanawake waliovunjika na takriban wanaume wanne kati ya watano wangeambiwa hawana ugonjwa.

Sababu yake haina siri. Watu wengi wako katikati. Hatari ya kila mmoja wao ni ndogo kuliko ya aliye kwenye nyekundu, lakini wingi wao unafanya mivunjiko mingi itoke kwao. Na mfupa hauvunjiki kwa upungufu wa madini peke yake. Kuna macho yaliyofifia, miguu iliyokosa nguvu, dawa za usingizi, sakafu yenye maji.

Upande wa pili una hoja nzuri. Katika NORA hiyohiyo, wenye alama chini ya -2.5 walikuwa asilimia 6.4 tu ya wanawake wote, lakini walibeba asilimia 18 ya mivunjiko, karibu mara tatu ya fungu lao. Kipimo kinachoweza kuonyesha hilo si cha kudharau. Mionzi yake ni kidogo kiasi kwamba mtu huipata kwa siku chache tu za kuishi duniani. Tena DEXA huona kisichoonekana kwa macho. Ndiyo iliyotumika Uganda na Zimbabwe kwa wanawake wasio na VVU waliokuwa wakimeza tenofovir, dawa ya VVU, kama kinga, ikabainika kwamba mifupa yao ilipungukiwa madini kidogo, yakarejea walipoacha dawa. Kwa eneo ambalo tenofovir imo ndani ya kidonge cha kwanza cha ARV, na ambako sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, nayo yenye kupunguza madini ya mifupa, inatumiwa na wengi, taarifa hiyo ni ya thamani. Mgonjwa anayetumia kwa muda mrefu prednisolone, dawa ya steroidi inayodhoofisha mifupa, naye anastahili kupimwa.

Tatizo ni namna namba inavyosomwa. DEXA hupiga mionzi ya nguvu mbili tofauti, ikapata gramu za madini, kisha ikagawanya kwa eneo la picha. Unene wa mfupa kwenda nyuma haiuoni. Fikiria vipande viwili vya mchemraba vyenye madini gramu moja kwa kila sentimita ya ujazo. Chenye upande wa sentimita 2 kitasomeka 2, chenye upande wa sentimita 3 kitasomeka 3, ingawa ni kitu kilekile. Mwanamke mfupi mwenye mifupa midogo anaonewa na hesabu hii kabla hajalala kitandani. Kisha nyonga yake inalinganishwa na ya mwanamke mzungu wa Marekani mwenye umri wa miaka 20 hadi 29, maana huko ndiko kipimo cha rejea kilikotoka. Mwaka 1996 watafiti waliofanya kazi vijijini Gambia waliripoti kwamba wanawake wazee wa huko walikuwa na madini pungufu kuliko wenzao Waingereza, ilhali kuvunjika kwa udhaifu wa mifupa kulikuwa nadra. Kwa namba peke yake, wangeitwa wagonjwa kijiji kizima.

Uti wa mgongo nao una kasoro ya upande wa pili: kwa mzee, vichipukizi vya mfupa na chokaa kwenye mshipa mkubwa wa damu huongeza hesabu, pingili dhaifu ikaonekana imara.

Kuhusu wanaolipia DEXA kujua mafuta na misuli, sina mengi. Kwa kazi hiyo ni kipimo kizuri, ila maji mwilini huhesabiwa pamoja na misuli, na majibu ya mashine mbili tofauti hayalinganishiki. Kijana wa miaka 30 akipewa alama ya T na kutishwa nayo, aombe alama ya Z, inayomlinganisha na wa umri wake.

Mfano ninaouona bora ni wa Uingereza. Katika jaribio la SCOOP, lililotoka mwaka 2018, wanawake zaidi ya 12,000 wa miaka 70 hadi 85 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilijaza kwanza maswali ya FRAX, kikokotoo cha hatari ya kuvunjika mifupa: umri, uzito, mvunjiko wa awali, mzazi aliyevunjika nyonga, sigara, steroidi. Wenye hatari kubwa ndio waliopelekwa DEXA. Mivunjiko kwa jumla haikupungua, na hilo lisemwe wazi, lakini ya nyonga ilipungua kwa asilimia 28. Mvunjiko wa nyonga ndio unaowaua wazee wengi ndani ya mwaka mmoja.

FRAX inahitaji takwimu za nyonga za kila nchi, na sehemu kubwa ya Afrika hazijakusanywa ipasavyo, kwa kuwa wengi waliovunjika hubaki nyumbani au kwa waganga wa viungo. Lakini maswali yenyewe hayahitaji umeme. Alendroneti, kidonge cha kuimarisha mifupa kinachomezwa mara moja kwa wiki, haina tena hataza, na ina ushahidi mzuri zaidi kwa waliokwisha vunjika pingili za mgongo. Watu wa kuanza nao wako tayari kwenye wodi za mifupa na kliniki za hogo: kila aliyepita miaka 50 na akavunjika kwa kuanguka alipokuwa amesimama. Aulizwe kuhusu mzazi wake, dawa anazotumia na hedhi ilikoma lini, apimwe kimo kuona kama amefupika, na majibu yaandikwe kwenye faili kabla hogo halijakatwa.