Megapikseli tele, betri hoi

Kila tangazo la kamera linapigia debe megapikseli (mamilioni ya nukta zinazounda picha), utadhani ndizo zinazoiwasha. Betri je? Kimya! Kamera yangu inatumia zile ndogo za saizi ya AA. Nikaweka za alkali, mpya kabisa; flashi ikamulika mara chache tu, kioo kikawa giza, lenzi ikabaki imetoa shingo kama kobe. Kumbe alkali hazimudu kutoa umeme mwingi kwa mpigo. Za NiMH (nikeli na hidridi ya metali), japo zina volti 1.2 badala ya 1.5, ndizo zinazostahimili, na unazichaji tena na tena. Za lithiamu-ioni nazo, zile za kuchaji, mara nyingi kila kampuni na maumbo yake. Kamera ikikuzimikia katikati ya harusi utaazima kwa nani? Na hiyo zumu ya dijitali wanayojisifia kwenye matangazo hayo, ni kuikata picha kingo na kuivuta tu.