Uchungu ukijiita ujanja

Jumapili iliyopita mzee wa kanisa kasimama kutangaza mchango wa mabati, na hata hajamaliza nikamnong'oneza mama niliyekaa naye, "zitaliwa hizo." Hakunijibu. Alifungua pindo la khanga, akatoa elfu mbili iliyokunjwa kunjwa, akainyoosha taratibu juu ya paja, akanyanyuka kwenda kuitoa. Na jamani huyo mama mwaka juzi tulikuwa naye kikoba kimoja, mweka hazina akatoroka na hela zetu siku tatu kabla ya mgao, na mwenzangu alikuwa na hisa nyingi kuliko mimi.

Imenikaa wiki nzima hii kitu. Maana mimi tangu siku ile najiona nimeerevuka, mtu akinipigia simu nawaza huyu anataka kunipiga shingapi, mchungaji akihubiri namwangalia viatu, na hiyo yote nikawa naiita akili. Kumbe ni uchungu tu. Waebrania 12:15 inaonya kuhusu shina la uchungu, kwamba likichipuka watu wengi wanachafuliwa nalo, wengi, sio mwenye uchungu peke yake. Nilikuwa namchafua yule mama sikioni, kanisani, wakati wa sadaka.

Ila na nyie mnaosema "samehe usahau" mkaenda zenu kunywa chai, mnatuumiza. Someni Ruthu sura ya 1. Naomi kaenda Moabu ana mume na watoto wawili, kawazika wote watatu kule, karudi Bethlehemu wanawake wanamchangamkia, anawaambia msiniite Naomi, niiteni Mara, yaani Chungu, Mwenyezi Mungu amenitenda machungu sana. Hakuna aliyemkemea, si Mungu si wale wanawake! Kasema kinywa wazi kwamba amerudi mikono mitupu, na wakati anasema hayo Ruthu, mjane wa mwanawe, yupo pale pale pembeni yake, kaacha kwao kwa ajili yake. Uchungu ulimfanya asimwone. Hapo ndipo nilipojiona mimi, kwa sababu siku hela zilipopotea yule mama ndiye aliyekuja kwangu jioni na unga kilo mbili akisema watoto wasilale njaa, na mimi miaka miwili hii nasimulia habari za mwizi tu, unga sijawahi kuusimulia popote.

Sawa, hesabu zidaiwe, nakubali. Hata Paulo kwenye 2 Wakorintho 8 alipanga watu wa kusafiri na mchango ili mtu asije akawalaumu. Kudai risiti sio dhambi.

Lakini nimechoka kuishi na ngumi imekunjwa, kwa kweli nimechoka. Nimeanza kumwambia Mungu kama Naomi alivyosema, bila kupamba, kwamba imeniuma na bado inauma. Jana usiku nikajaribu kumwombea yule mweka hazina. Nikalitaja jina lake, machozi yakanitoka, nikaishia hapo hapo kwenye jina. Leo nitajaribu tena.