Aliyebatizwa mtoto mchanga, abatizwe tena?

Kijana amebatizwa akiwa mchanga kwa Walutheri au Wakatoliki, akapata kipaimara, halafu akaokoka kwenye mkutano wa injili. Hachelewi kuulizwa: "Umebatizwa kwa maji mengi?" Akisema hapana, huambiwa kwamba ule wa utotoni haukuwa ubatizo. Akikubali kuzamishwa, usharika alikolelewa humhesabu kuwa amejitenga, na huko nyumbani mama yake huona kama amekanwa yeye.

Hoja ya wanaobatiza tena si ya kubezwa. Marko 16:16 inatanguliza kuamini, ndipo kubatizwa. Towashi Mwethiopia wa Matendo 8 aliomba ubatizo mwenyewe, kisha akashuka majini na Filipo. Paulo naye katika Warumi 6 anasema tulizikwa pamoja na Kristo. Ukimwona muumini amelazwa chali mtoni, mchungaji kamshika mgongo, mzee wa kanisa kamshika mkono, maji yakamfunika uso kisha akainuliwa akitweta huku akina mama wakipiga vigelegele, huhitaji mahubiri kuhusu kufa na kufufuka. Wako waliouawa kwa imani hii: Felix Manz, mmoja wa waliobatiza watu wazima upya, alizamishwa hadi kufa katika mto Limmat, Zurich, Uswisi, Januari 1527, kwa amri ya watawala waliokuwa Wakristo.

Upande wa pili hutaja mlinzi wa gereza wa Filipi, aliyebatizwa usiku uleule na watu wake wote. Andiko halisemi kwamba watoto walikuwamo, wala halisemi kwamba hawakuwamo, kwa hiyo halimalizi ubishi. Wingi wa maji nao haumalizi: Didake, mwongozo wa Wakristo wa mwanzo kabisa, unaruhusu kumiminia maji kichwani mara tatu pale yanapokuwa haba.

Kwangu swali zito ni hili: anayebatiza hasa ni nani? Afrika Kaskazini, karne ya 4, Wadonati, kundi la Wakristo lililojitenga na kanisa, walisema ubatizo wa viongozi walioisaliti imani wakati wa mateso ni batili. Mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Arles, mwaka 314, uliagiza kwamba aliyekwisha kubatizwa kwa jina la Utatu asibatizwe tena, na baadaye askofu Augustino wa Hippo akafundisha kwamba anayebatiza ni Kristo, hata mkono ukiwa wa mwenye dhambi. Naegemea huko. Ubatizo ukisimama juu ya uimara wa imani yangu siku ile, basi aliyezamishwa akiwa na miaka 16 kwa kufuata marafiki, akaja kuamini kweli akiwa na 30, atahitaji kubatizwa tena, na sijui ataishia wapi. Wale wa Efeso katika Matendo 19, wanaotajwa sana hapa kwa kuwa walibatizwa tena, walikuwa na ubatizo wa Yohana tu. Hawakuwa wamebatizwa kwa jina la Yesu.

Lakini sisi tunaobatiza watoto tumewapa vijana sababu ya kuondoka. Mafundisho ya kipaimara yamegeuka kukariri Katekisimu, ikifuatiwa na suti, keki na picha. Kisha kijana haonekani mpaka atakapohitaji cheti cha ubatizo ili afunge ndoa. Kuna na sharika ambako mtoto wa mama asiye na ndoa habatizwi mpaka mama huyo arudi kundini. Tunahubiri kwamba ubatizo ni neema isiyodai stahili, kisha tunamdai mtoto mchanga stahili ya mzazi wake! Hapo Wapentekoste wakituuliza tunaamini nini hasa, hatuna jibu.

Wakatoliki hurudia ahadi za ubatizo kila Pasaka, mishumaa mkononi, na padri huwanyunyizia maji ya baraka bila kumbatiza mtu upya. Nafasi ya namna hiyo angepewa kijana aliyeokoka: asimame Jumapili mbele ya usharika uliombatiza, ashuhudie kwa kinywa chake alivyokutana na Yesu, na wazee wamwekee mikono. Wengi wao hawakwenda mtoni kwa kuuchukia ubatizo wa utotoni. Walikwenda kwa sababu huko ndiko walikoulizwa kwa mara ya kwanza kama wanaamini, na mtu akangoja jibu.