Gari Limeomba Dakika Thelathini

Shemeji yangu akinunua kitu, ukoo mzima hukoma. Sasa amenunua gari jipya la umeme, jina lake nalihifadhi, na tangu siku hiyo hakuna harusi wala matanga ambako hatujahutubiwa kuhusu programu za magari. Eti Tesla hutuma apdeti hewani tangu 2012, gari linalala hivi, linaamka vile. Eti BYD wana magari yenye skrini inayojizungusha, ukitaka isimame, ukitaka ilale. Eti Hyundai Ioniq 5 unachomeka birika ubavuni mwake na kuchemsha chai hata porini.

"Lako linachemsha nini, shem?"

Langu ni Nissan Leaf, la umeme pia, mtumba wa Japani. Linachemsha hasira tu. Skrini imejaa Kijapani, na kila nikiliwasha kuna dada mpole anayenikumbusha kwamba sijaweka kadi ya ETC, ile ya kulipia barabara za kwao. Wenye magari ya Japani mnamjua huyo dada, mnaishi naye. Na tangu Expressway yetu ya Nairobi, barabara ya kulipia, ifunguliwe mwaka 2022, nayo ikaja na ETC yake, nimeanza kuona ana hoja. Lakini Leaf yangu ina usukani unaopata joto. Uamke Julai upande wa Uthiru, vidole vimekufa ganzi, halafu mtu akuletee habari za skrini inayojizungusha!

Ubishi ukapelekwa kwa mama mkwe. Jumapili moja tulikuwa na chakula cha mchana Westlands, basi ikaamuliwa Mama aende kwa gari langu, arudi kwa la mwanawe, halafu atoe hukumu. Safari yangu haina hadithi. Mama alipanda, akasinzia, akaamka tumefika. Nilijipa alama zote.

Kurudi, mke wangu akatangulia na Leaf, nami nikaingia kwa shemeji nishuhudie. Paking ilikuwa chini kabisa ya jengo. Tulipokaribia, vishikio vya milango vikajitokeza vyenyewe, na Mama akarudi nyuma hatua moja. Akaketi. Shemeji akabonyeza kitu.

"Ni nani huyo ananisukuma mgongo?"

"Ni kiti, Mama. Kinakukanda."

"Kiambie kiache."

Kumbe gari huambiwa kwa Kiingereza. Shemeji akapandisha sauti puani na kuliomba lifungue dirisha la nyuma. Likampigia simu fundi wake wa mabomba. Akakata, akaliomba tena, taratibu. Likaanza kumpigia fundi tena.

"Si ubonyeze tu," Mama akasema.

Tukapanda mteremko hadi kwenye kizuizi cha kutokea. Tiketi tulikuwa tumeshailipia, na pale ukishalipa una dakika kumi na tano uwe umetoka. Mashine ilikuwa mbali kidogo na dirisha, kwa hiyo shemeji akafungua mlango ili aifikie. Magari haya ukifungua mlango yanajitia P yenyewe, ile gia ya kuegesha. Hapo ndipo skrini ikaleta ujumbe: apdeti iko tayari, usakinishe sasa au baadaye?

"Unaona, shem? Lako limewahi kukuandikia ujumbe?"

Alikuwa ananitazama mimi huku akiionyesha skrini kwa kidole. Kidole kikafika.

Kulikuwa na dakika mbili za kughairi. Tulizitumia kusikiliza maelezo ya jinsi apdeti zinavyofanya kazi. Halafu kipozahewa kikanyamaza, madirisha yakagoma, na skrini ikabaki nyeusi na maandishi meupe: takriban dakika 30, usiendeshe gari.

Nyuma yetu kulikuwa na Probox. Probox haina apdeti. Programu yake ni dereva mwenyewe, na huyu alikuwa ameshawekwa honi. Soja akaja.

"Mkubwa, kuna shida?"

"Gari linajiapdeti."

"Si ulizime, uliwashe?"

"Haliwezi kuzimwa sasa."

"Basi toa handbreki tukusukume."

"Handbreki iko ndani ya skrini."

"Na skrini?"

"Inajiapdeti."

Soja alilizunguka gari zima, akainama akachungulia chini, nadhani alitarajia kukuta kamba. Kwa huruma akakiinua kizuizi kwa mkono na kubaki amekishikilia, njia nyeupe mbele yetu, nasi hatuwezi kusogea hata inchi. Foleni ikaanza kurudi kinyumenyume kuzimu ilikotoka, mmoja mmoja, kila mtu na tusi lake. Dereva wa Probox akateremka akaja kusoma asilimia kwenye kioo. Arobaini na saba. Akaenda kwenye gari lake, akarudi. Arobaini na saba.

Mama akafungua mlango na kutoka.

"Mama, zimebaki kidogo!"

"Ndiyo, mwanangu. Maliza na mwenzako."

Tukamwona akipanda mteremko, mkoba begani, akapotea kuelekea Waiyaki Way.

Arobaini na saba ikakaa mpaka tukaizoea, kisha ghafla ikawa mia. Gari likaamka likiimba. Shemeji, jasho likimtiririka, akasoma kwa sauti yale mapya tuliyoletewa: kuanzia leo gari linaweza kujiegesha lenyewe.

"Hilo tumeliona," soja akasema, akashusha kizuizi. Muda wa tiketi ulikuwa umekwisha. Mfumo unadai tulipe upya.

Shemeji alikuwa akibonyeza M-Pesa simu yake ilipoita. Apdeti ilikuwa imerudisha sauti ya spika za gari kama ilivyotoka kiwandani, kwa hiyo Mama alijaa mteremko mzima:

"Nimefika Kinoo. Nimeshavua viatu. Hilo gari limeamka?"

"Limeamka, mathe!" dereva wa Probox akajibu kabla yetu. "Lakini sasa linadaiwa paking!"