Msomaji, usinifichulie muuaji kwa sauti

Nimechoka na wasomaji wa vitabu vya sauti wanaomfichua muuaji kabla mwandishi hajamfichua. Hawamtaji kwa jina, wanamtaja kwa sauti wanayompa. Mhusika anaingia sura ya tatu, anasalimia tu, tayari kapewa sauti nzito ya mkwaruzo, huku wengine wote wakizungumza kama watu wa kawaida. Basi, imekwisha! Mwandishi kahangaika kumficha nyuma ya adabu na tabasamu, zimebaki saa nane za kusikiliza, nami nishamjua.

Halafu kuna hili la kubadilisha msomaji katikati ya mfululizo. Mpelelezi kama Hercule Poirot, wa mwandishi Agatha Christie, ana riwaya 33, zilizotoka kati ya 1920 na 1975. Ukimfuata mtu kwa urefu huo, sauti yake inakuwa kama ya ndugu. Ghafla kitabu kinachofuata anakifungua mgeni!

Na kwenye karatasi ningerudi kurasa mbili kuhakikisha nani alikuwa na ufunguo. Hapa nabonyeza kitufe cha kurudi sekunde 15, nabonyeza tena, naangukia katikati ya mazungumzo mengine kabisa. Jamani, tuwekeeni hata majina ya sura.