Jogoo la shamba lashtakiwa shambani

Wahenga walisema jogoo la shamba haliwiki mjini. Ufaransa mambo yalikuja kinyume: sikio la mjini ndilo lililohamia shamba. Mwaka 2019 Maurice, jogoo wa Saint-Pierre-d'Oléron, alishtakiwa na majirani wenye nyumba ya mapumziko waliodai anawaharibia usingizi. Ofisa alitumwa kusikiliza, akaandika kwamba anawika kati ya saa 12:30 na saa 1 asubuhi. Saa hiyo mfugaji keshamaliza kukamua. Septemba 5 mahakama ikampa Maurice ushindi.

Mwaka huohuo meya wa Gajac, kijiji cha watu 400 hivi huko Gironde, aliandika barua ya wazi: kuwika kwa jogoo, kengele za kanisa na mlio wa ng'ombe vitangazwe urithi wa taifa. Usimcheke. Ufaransa ina wilaya ndogo kama 35,000, zaidi ya nusu zikiwa na watu chini ya 500, na kila moja ina meya wake. Huyo ndiye anayegongewa mlango ng'ombe akilia usiku.

Sheria ya Januari 29, 2021 ikaziweka sauti na harufu za asili katika urithi wa pamoja wa taifa. Ilikuwa heshima zaidi kuliko kinga. Meno yalikuja kwa sheria nyingine, ya Aprili 2024: ukihamia mahali ukakuta shughuli halali inaendelea, huna fidia kwa kero zake, ilimradi kero hizo hazijazidi.

Mimi naafiki, lakini si yote. Aliyenunua nyumba ubavuni mwa zizi alikuwa na pua siku ya kusaini. Ila mgeni njoo, mwenyeji apone: kijiji kilichokimbiwa na vijana, ni nani atakayeezeka upya nyumba zilizobomoka paa kama si hawa wanaokuja na fedha za mjini?

Tena si kila ugomvi ni wa mgeni na mwenyeji. Grignols, Dordogne, walioshitakiana ni majirani, kisa vyura. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ya Bordeaux iliamuru bwawa lifukiwe, kwa kuwa msimu wa kupandana kelele zilifika desibeli 63 dirisha la jirani likiwa wazi. Watetezi wa mazingira wakapiga kelele zao: humo mnaishi vyura wanaolindwa kisheria. Mkulima leo anaweza kujitetea kwa shughuli iliyokuwapo kabla jirani hajahamia. Chura hana shughuli. Ana bwawa tu.